Kuogelea katika Ziwa Tanganyika: Namna ya Kusoma Joto la Maji, Upepo na Msimu

Wageni wanaopanga safari ya Kigoma, Bujumbura, Kalemie au Mpulungu huuliza kwanza maji ya Ziwa Tanganyika yana joto kiasi gani mwezi fulani. Jibu fupi ni kwamba maji ya juu hubaki kati ya nyuzijoto 24 na 28 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Jibu hilo ni sahihi, lakini peke yake halimfikishi mbali mwogeleaji, kwa sababu siku ya nyuzijoto 25 inaweza kuwa na maji maangavu yaliyotulia tangu alfajiri, na siku ya nyuzijoto 28 inaweza kuja na radi, magogo na tope la mto. Kinachotawala hali ya kuogelea katika ziwa hili ni upepo. Upepo ndio unaopoza maji, ndio unaoyahamisha kutoka kusini kwenda kaskazini, ndio unaoinua mawimbi, na unapolegea ndipo mvua inapokaribia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitumia joto la maji kama alama ya kuusoma upepo huo, kisha kuamua mwezi, saa na mahali pa kuingia majini.

Baridi ina kikomo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 673 na kina cha takriban mita 1,470, na kwa kina linashika nafasi ya pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Uso wake uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, kati ya digrii 3 na 9 kusini mwa ikweta, mahali pasipo na majira ya baridi kali ya kuyapoza maji mpaka chini. Maji ya kilindini, mamia ya mita kwenda chini, hukaa karibu na nyuzijoto 23.5 miezi yote. Juu yake kuna tabaka la maji ya vuguvugu lenye unene wa makumi ya mita, nalo kwa kuwa ni jepesi zaidi huelea bila kuchanganyika kwa urahisi na maji yaliyo chini yake. Ndiyo maana kuanzia kina cha mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea upande wa ziwa, maji hayana oksijeni, na samaki wote wanaojulikana sokoni, kuanzia dagaa hadi mgebuka, huishi katika sehemu ya juu tu.

Kwa mwogeleaji jambo hili lina faida kubwa: kikomo cha baridi kinajulikana. Hata upepo ukiyapandisha maji ya chini mpaka ufukoni, joto lake haliwezi kushuka sana chini ya nyuzijoto 23.5, kwa kuwa hakuna akiba ya maji baridi zaidi ya hayo. Yanayoweza kuwa baridi zaidi ni maji ya vijito vinavyoteremka kutoka milimani, kama vile vya Gombe na Mahale, na maji machache ya ufukoni baada ya usiku wa kiangazi wenye upepo.

Aliyejifunza kuogelea Ulaya au Amerika Kaskazini amefundishwa kuogopa mshtuko wa baridi, yaani ile hali ya mtu kushindwa kuidhibiti pumzi yake anapoingia ghafla katika maji ya chini ya nyuzijoto 15. Hofu hiyo haina nafasi hapa. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya majini, World Aquatics, zinakataza mashindano ya maji ya wazi joto likiwa chini ya nyuzijoto 16 au likizidi 31, na Tanganyika iko ndani ya mipaka hiyo mwaka mzima. Hata hivyo, maji ya nyuzijoto 25 bado ni baridi kuliko ngozi ya binadamu, na maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi kubwa kuliko hewa. Mtu mzima anayeogelea mfululizo kwa saa moja hatahisi shida, lakini mtoto mwembamba anayecheza majini bila kupumzika ataanza kutetemeka mapema zaidi, na dalili za kumtoa mara moja ni meno kugongana, midomo kupoteza rangi yake na vidole kushindwa kushika kitu. Aliyepinduka na mtumbwi usiku, akakaa majini saa nyingi akisubiri msaada, yuko katika hatari ya kweli ya mwili kupoa kupita kiasi, hata kama maji yenyewe yanaitwa ya vuguvugu.

Kalenda ya ziwa huanza Mei

Mvua za Kigoma na Burundi hukoma kwa kawaida kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na hapo ndipo mwaka wa mwogeleaji unapoanza. Ziwa huwa limejaa hadi kiwango chake cha juu cha mwaka, mito imeanza kupunguza tope, na maji ya juu bado yamehifadhi joto la miezi ya mvua, mara nyingi nyuzijoto 26 au 27. Upepo wa kusi ndio kwanza unaanza, tena kwa vipindi. Mimi naiona nusu ya pili ya Mei kuwa wakati bora kuliko wote kwa mtu anayetaka kuogelea masafa marefu kandokando ya ufuko, hasa upande wa kaskazini na katikati ya ziwa, na mwenye uhuru wa kuchagua tarehe ya safari angefanya vyema kuufikiria.

Kuanzia Juni hadi Agosti kusi hushika hatamu. Upepo huu hutoka kusini-mashariki, nao hupata nafasi ya kuvuma kwa mamia ya kilomita juu ya maji, kwa kuwa ziwa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini ndani ya bonde lenye milima pande zote mbili. Unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza huyapoza maji ya juu, maana hewa ya kiangazi ni kavu, na maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Pili, huyasukuma maji ya vuguvugu kuelekea kaskazini, hata tabaka la juu likawa nene upande wa Bujumbura na Uvira na jembamba upande wa Mpulungu na Kasanga, ambako maji ya chini hupanda kuziba pengo. Kwa hiyo katika Julai na Agosti mtu wa Mpulungu anaweza kuogelea katika maji ya nyuzijoto 24 hivi, wakati mwenzake wa Kigoma yuko katika maji ya 25 au 26.

Tofauti ya digrii moja au mbili si ya kumzuia mtu kuingia majini. Mawimbi ndiyo ya kumzuia. Wimbi linalokua kwa kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji hufika likiwa na nguvu, na ukingo wa Tanganyika sehemu nyingi ni miamba inayoshuka moja kwa moja kilindini, bila mteremko wa mchanga wa kulivunja wimbi kabla halijafika. Mtu anaweza kuingia kwa urahisi akiruka kutoka kwenye mwamba, kisha akashindwa kutoka kwa sababu kila anapoushika mwamba wimbi linamng'oa au linambamiza. Kanuni ninayoisimamia ni hii: usiingie majini kabla hujaona kwa macho yako mahali utakapotokea, na pawe pahali pa mchanga au changarawe, si mwamba. Ukiona vilele vya mawimbi vimegeuka vyeupe mbali na ufuko, kaa mahali ambapo maji hayapiti kiuno. Kama ni lazima kuogelea siku ya namna hiyo, tafuta ghuba iliyokingwa na rasi upande wake wa kusi. Ghuba ya Kigoma, ambayo rasi ya Bangwe huikinga, huwa tulivu zaidi kuliko fuko zilizo wazi kuelekea kusini.

Kuna jambo jingine la miezi hiyo linalosahaulika. Nchi zinazolizunguka ziwa zimeanza kupumzisha uvuvi ili samaki wazaliane, kama Tanzania ilivyofanya kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, lakini mwogeleaji ajue kwamba wavuvi ndio waokoaji wa kwanza katika ziwa hili, na pale mitumbwi inapokuwa imepandishwa ufukoni, macho yanayoweza kumwona aliyezidiwa ni machache. Katika kipindi hicho usiogelee mbali bila mtumbwi wako mwenyewe wa kukusindikiza.

Kusi hulegea mwezi wa Septemba, na hapo hutokea jambo ambalo wengi hawalitarajii. Maji ya vuguvugu yaliyorundikwa kaskazini huanza kurudi kusini, na kama maji ya beseni lililoinamishwa kisha likaachiwa, hupitiliza, yakarudi tena, na kuendelea kuyumba hivyo kwa miezi. Yumbo moja la kwenda na kurudi huchukua takriban wiki tatu hadi nne. Kuyumba huku hutokea ndani ya ziwa, kwenye mpaka wa maji ya vuguvugu na maji ya baridi, kwa hiyo anayetazama kutoka ufukoni haoni dalili yoyote. Lakini mwogeleaji wa Bujumbura au Rumonge anaweza kukuta maji ya Oktoba yamepoa kuliko ya wiki mbili zilizotangulia, ijapokuwa hewa ya nje imezidi kuwa ya joto. Asidhani kipimajoto kimeharibika: maji ya chini yamepanda, na baada ya muda yatashuka tena.

Maji hayo ya chini huja na rutuba iliyokuwa imelala kilindini, na rutuba hulisha mwani. Ndiyo maana kati ya Septemba na Novemba maji ya sehemu fulani, ambayo katika msimu wa maji maangavu humwezesha mtu kuona zaidi ya mita 10 kwenda chini, hugeuka ya kijani kwa siku kadhaa. Rangi ya kijani hafifu iliyoenea haina neno. Utando mzito unaoelea kwa mistari au kurundikana kwenye kona ya ghuba ni jambo jingine, kwa kuwa baadhi ya mwani wa aina hiyo huwasha ngozi na macho na unaweza kumdhuru anayeumeza. Mahali penye utando usiogelee, na usimruhusu mtoto wala mbwa kunywa maji hayo.

Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba. Ziwa wakati huo liko karibu na kiwango chake cha chini cha mwaka, na miamba iliyokuwa imefunikwa mwezi Mei sasa iko karibu sana na uso wa maji. Tofauti ya kiwango kati ya miezi hiyo miwili kwa kawaida haifiki mita moja, nayo inatosha kabisa kumvunja shingo anayeruka kichwa mbele mahali alipokuwa akiruka miezi sita iliyopita. Kuanzia hapo joto la maji hupanda polepole, na kufikia Machi na Aprili hugusa nyuzijoto 27 hadi 28. Kwa kipimo cha joto peke yake hii ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Kwa kipimo cha usalama ndiyo inayodai uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu mvua hubeba uchafu wa miji na vijiji hadi ziwani, na dhoruba za radi hujengeka upesi juu ya milima na kushuka ziwani.

Kuhusu radi, hakuna nafasi ya kujadiliana. Milima ya mashariki ya Kongo, ambayo mtu wa Kigoma huiona ng'ambo siku za hewa safi, imo katika eneo la dunia linalopigwa na radi nyingi mno kwa mwaka. Ukisikia ngurumo, toka majini wakati huohuo, ondoka ufukoni, usikae chini ya miti mirefu, na usirudi mpaka dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho. Kusubiri uone wingu limefika ni kuchelewa.

Anayefikiria maziwa ya jirani ajue kwamba kalenda hii inahitaji marekebisho. Ziwa Nyasa liko kusini zaidi, na huko Matema, Liuli na Mbamba Bay tofauti kati ya msimu wa baridi na wa joto ni kubwa kidogo: maji hushuka hadi nyuzijoto 23 au 24 kati ya Julai na Agosti na kuweza kupita 28 kuelekea mwisho na mwanzo wa mwaka. Upepo wake wa kusini-mashariki, unaoitwa mwera, una sifa ya ukali. Ziwa Victoria lina kina cha takriban mita 80 tu pale palipo na kina kirefu, na upepo wa Juni hadi Agosti huweza kulichanganya lote mpaka chini. Joto lake hucheza kati ya 24 na 27, lakini magugu maji, dhoruba za usiku na kichocho hulifanya liwe ziwa la kuogelea kwa kuchagua mahali kwa makini zaidi.

Kupima joto mwenyewe

Huhitaji chombo cha gharama. Kipimajoto cha maji kinachotumika kwenye tangi la samaki au cha kumwogeshea mtoto kinatosha, mradi kiwe na kamba ya mita mbili na kijiwe cha kukizamisha. Makosa yanayofanywa zaidi ni kupima ukingoni, mahali maji yanapofika kwenye kifundo cha mguu, ambapo jua la mchana linaweza kuongeza digrii kadhaa na kumpa mtu picha isiyo ya kweli. Ingia mpaka kiunoni au pima kutoka kwenye gati au mtumbwi, zamisha kipimajoto mita moja, subiri dakika mbili, kisha kisome kikiwa bado ndani ya maji, kwa sababu upepo hukishusha mara kinapotoka.

Pima saa ileile kila siku, ikiwezekana asubuhi kabla jua halijapanda, na uandike tarehe, joto, upande upepo unakotoka na rangi ya maji. Daftari la namna hiyo likifikisha wiki chache huanza kusema. Joto likishuka digrii moja kwa siku mbili wakati wa kiangazi, upepo umekaza na mawimbi yatafuata kama hayajafika. Likishuka mwezi wa Oktoba bila upepo wowote, maji ya chini yamepanda, na baada yake tazamia mwani. Likipanda haraka na uso wa maji ukawa laini siku nzima, hewa imetulia kupita kawaida, na katika msimu wa mvua utulivu wa namna hiyo mchana mara nyingi hufuatwa na dhoruba ya alasiri au ya usiku. Pamoja na daftari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa taarifa za upepo na mawimbi kwa maziwa makubwa, na uwaulize wavuvi mwaloni. Mvuvi anayelitegemea ziwa kwa mkate wake hasemi ovyo kuhusu upepo wa kesho.

Saa ya kuingia majini

Nchi kavu hupata joto upesi mchana na kulipoteza upesi usiku, wakati ziwa hubadilika kidogo sana. Matokeo yake, mchana hewa huvutwa kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hadi alfajiri hugeuka, ikashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Mabadiliko hayo mawili yana kipindi cha utulivu katikati yake, na kile cha asubuhi, kwa kawaida kati ya saa 1 na saa 4, ndicho kinachomfaa zaidi mwogeleaji. Jua halijawa kali, uso wa maji ni laini, na mtu anaweza kuona anachokikaribia.

Upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu una hila yake. Karibu na ufuko maji huonekana yametulia kabisa, kwa sababu kilima kinayakinga, lakini mita mia mbili mbele upepo unasukuma kila kinachoelea kuelekea katikati ya ziwa. Watoto wanaoelea juu ya dumu tupu au mpira wa gari huchukuliwa hivyo bila kupiga kelele, maana wao wenyewe hawahisi kwamba wanakwenda. Dumu lifungwe kamba yenye mtu mzima anayeishika. Kwa anayeogelea masafa, aanze kwa kwenda dhidi ya upepo, ili arejee akisaidiwa nao wakati nguvu zimepungua.

Usiku sishauri hata kidogo, licha ya uzuri wa taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa juu ya maji katika siku za giza la mwezi. Boti zenye injini hupita bila kukuona, na viboko hutoka majini kwenda malishoni wakati wa jioni na kurudi alfajiri kwa njia zao zilezile.

Kuchagua ufuko

Kanuni ya kwanza ni kujitenga na midomo ya mito. Ruzizi unaoingia kaskazini, Luiche karibu na Ujiji, na Malagarasi kusini mwa Kigoma yote huleta tope, uchafu na mkondo, na matete ya delta zake ndiyo makao ya mamba na viboko. Fuko za Bujumbura zilizo karibu na delta ya Ruzizi zimejulikana kwa miaka mingi kuwa na viboko, hata mchana. Waulize wenyeji kuhusu ufuko uleule unaotaka kuingia, si kuhusu ziwa kwa ujumla. Mtu atakuambia bila kusita kwamba hapa watoto huoga kila siku na pale, nyuma ya rasi, mamba alionekana juzi. Kule Kalemie jambo la kuangalia ni tofauti, kwa sababu hapo ndipo Mto Lukuga unapoyatoa maji ya ziwa kwenda bonde la Kongo, na mkondo wake humvuta mtu kutoka ziwani.

Baada ya mvua kubwa, subiri siku mbili hadi tatu kabla ya kuogelea karibu na mji. Kipindupindu kimewahi kuzuka mara nyingi katika miji na vijiji vya kandokando ya ziwa. Mwaka 2015 kilizuka Kagunga, kijiji cha mpakani kaskazini mwa Gombe, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamekusanyika ufukoni. Maji ya ziwa usiyameze, hata yakiwa maangavu namna gani.

Mafuriko ya miaka ya karibuni, hasa 2021 na 2024, yameleta hatari ambayo wazee wa fuko hizi hawakuizoea. Maji yalipanda juu ya kuta, nyumba, vyoo, nguzo na miti, na sehemu ya vitu hivyo imebaki chini ya maji, yenye nondo, misumari na nyaya. Ufuko uliokuwa na majengo uuchunguze kwa miwani ya kuogelea kabla ya kuruka, na uvae viatu vya maji. Kumbuka pia kwamba maji maangavu hudanganya jicho, ukadhani sakafu iko karibu kuliko ilivyo. Asiyejua kuogelea anaweza kupiga hatua moja akitazamia maji ya kifuani, akakuta hakuna pa kusimama.

Viumbe wengine si wa kuogopwa sana. Konyeza wa ziwa hili, wadogo kama sarafu na wenye kung'aa, hawamdhuru mtu. Nyoka wa majini wa jamii ya swila huonekana kwenye miamba wakiwinda samaki. Ana sumu, lakini hukimbia akiachwa apite, kwa hiyo usiingize mkono katika mapango ya mawe.

Kichocho hakina msimu

Nimelitenga jambo hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi zaidi ya mamba na mawimbi, na kwa sababu joto lenyewe la ziwa linalifanya liwe la mwaka mzima. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hustawi vizuri katika maji ya joto hili la nyuzijoto 24 hadi 28, na kwa hiyo hakuna mwezi ambao baridi huwapunguza kiasi cha mtu kujiona salama. Kinachobadilika ni mahali na saa. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye majani, matete au takataka, karibu na makazi ya watu, kwa kuwa mayai ya kichocho huingia majini kwa haja za binadamu. Ufuko wa mawe au mchanga unaopigwa na mawimbi, mbali na makazi na usio na majani ndani ya maji, una hatari ndogo zaidi, ijapokuwa haiwezi kuitwa sifuri.

Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, takriban kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, nayo ni sababu nyingine ya kuogelea mapema. Huingia mwilini kwa kupenya ngozi, kwa muda mfupi wa dakika chache, hivyo kujifuta kwa taulo haraka ni tahadhari njema isiyotosha peke yake. Kupaka mafuta ya nazi au losheni kusikufanye ukae kwenye matete. Maji ya ziwa unayotaka kuyatumia kuoga nyumbani yaache yatulie katika chombo safi kwa zaidi ya saa 48, kwa kuwa vimelea visivyompata mtu ndani ya muda huo hufa.

Dalili za mwanzo zinaweza kuwa mwasho wa ngozi siku ileile, au homa, kikohozi na uchovu wiki kadhaa baadaye, na watu wengi hawaoni dalili yoyote kwa muda mrefu huku ini na utumbo vikiendelea kuathirika. Kipimo kikifanyika mapema mno hakioni kitu, kwa hiyo nenda kituo cha afya wiki sita hadi nane baada ya siku yako ya mwisho majini. Dawa ya prazikwanteli ipo, nafuu na yenye nguvu, na hutolewa kwa dozi inayopimwa kulingana na uzito. Wakazi wa kandokando ya ziwa wanaoogelea mara kwa mara waulize utaratibu wa kumeza dawa hiyo unaotumika katika wilaya yao. Wageni wanaorudi Ulaya, Ghuba au Amerika wamwambie daktari wao waziwazi kwamba waliogelea Ziwa Tanganyika, na mwezi gani, kwa kuwa daktari asiyeambiwa anaweza kuitibu homa hiyo kama malaria au mafua na kuacha chanzo chake kilekile mwilini.